Wamesubiri vya Kutosha

Yeoville, Johannesburg
Jumapili, 12 Februari 2023

Baba,

Nakupigia magoti na makofi ya salamu kutoka huku. Umeamkaje? Mimi nimeamka, ikiwa nawe umeamka. Goti la kushoto je, bado linatabiri mvua? Na jirani yetu Abiti Saidi yu mzima, au bado anamwambia kila mtu kwamba atakufa Alhamisi? Mwambie zile sindano za cherehani nimempa dereva Mhofu, zimo kwenye kopo la kahawa pamoja na barua hii.

Mimi mzima. Kibali changu cha kukaa huku bado kiko ofisini kwao, mwaka wa sita sasa wananiambia kinakaribia kutoka. Nikivuka mpaka kuja kukuona sitaruhusiwa kurudi kazini, kwa hiyo nakaa. Unajua hayo.

Habari yenyewe ni hii. Ile filamu tuliyokuwa tukiishonea mavazi imekwisha. Inaitwa *Karibu Nyumbani, Mgeni*. Inahusu viumbe wanaoshuka kutoka kwenye nyota. Ngozi ya yule mkubwa nimeishona mimi, Baba, mita arobaini na mbili za mpira na hariri, na kola yake nimeimaliza kwa mkono kwa sababu cherehani iligoma. Siku moja mwongozaji, Bwana Verhoef, aliniuliza nacheka nini. Nikamwambia, baba yangu naye ni mgeni. Kitambulisho chake kimeandikwa hivyo, kwa neno hilo hilo la Kiingereza ambalo huitwa pia viumbe wa nyota, kwa kuwa babu alitoka Nyasaland kwenda kuchimba dhahabu Kadoma, na baba mwenyewe hajatoka nje ya wilaya aliyozaliwa. Yule bwana akaacha kula. Tangu siku ile akawa anakuja kwenye meza yangu na daftari.

Mwezi ujao gari lao la sinema litazunguka kwenye kambi za migodi huko. Nimewaomba wafike Glenlora. Nenda ukaitazame. Kaa katikati ya watu, sikiliza wanasema nini, kisha uniandikie bila sukari. Huku kila mtu analia na kupiga makofi, na mimi siwaamini watu wanaolia wakiwa wameshiba. Wewe ukisema ni nzuri, nitajua ni nzuri. Kuna kitu chako humo ndani, sikuambii ni kipi.

Tena wanataka uje. Mwezi wa saba kutakuwa na sherehe yake, wanataka usimame jukwaani. Najua mwenye kadi ya mgeni hapewi pasipoti. Najua. Nimewaambia nitakuuliza, na sasa nimekuuliza. Ni miaka sita sijaona uso wako isipokuwa kwenye simu ya Mhofu, na simu ile ina ufa katikati ya pua yako.

Mwanao,
Ndaziona

*

Kambi ya Mgodi wa Glenlora, Kadoma
Jumatatu, 13 Machi 2023

Ndaziona,

Nimeamka. Goti lipo. Abiti Saidi hakufa Alhamisi, amesogeza mbele. Sindano amezipata, kopo la kahawa nimebaki nalo mimi.

Uliomba niandike bila sukari. Humu ndani haikuwepo hata hivyo, basi soma.

Gari la sinema lilitanguliza karatasi. Waliibandika Jumatano kwenye mlango wa ukumbi wa bia. Haikuwa na picha. Wino mweusi, Kiingereza, herufi kubwa: WAGENI. WAMESUBIRI VYA KUTOSHA. JUMAMOSI SAA NANE MCHANA, UKUMBINI. BURE.

Unajua kazi yangu hapa tangu mgodi ulipofungwa. Mtu akipata karatasi, iwe ya hospitali, ya mazishi au ya serikali, ananiletea nimsomee. Basi wakaja kuniita. Nikavaa miwani, nikaisoma mara mbili; haikutaja filamu, nami yako haikunijia akilini hata kidogo. Neno la kwanza lilikuwa lile lile, ila kwa wingi, lililo kwenye kadi yangu. Neno nililolibeba mfukoni miaka yote hii, mimi niliyezaliwa katika zahanati ya mgodi huu, hatua mia nne kutoka hapo niliposimama. Nikawageukia watu nikasema, "Wamekuja. Ni uandikishaji wa uraia. Leteni kila karatasi mliyo nayo."

Sikusema labda. Ningesema labda, leo ningekuwa bado mtu wa heshima.

Jumamosi tulikuwa watu sitini na kitu. Suti zilizonuka dawa ya nondo. Abiti Saidi alikuja na bati la biskuti lenye vyeti vya watu wanne, wawili wao marehemu. Zuze Mbewe alileta kitabu cha kazi cha baba yake cha mwaka 1951, na kwa kuwa tuliambiwa zamani kwamba panatakiwa shahidi, akamleta na dada yake wa miaka tisini, amemkalisha kwenye toroli juu ya mto. Mimi nilipanga foleni. Niliipanga kwa alfabeti, Ndaziona. Nilitembea huku na huku nikimwambia huyu sogea, huyu rudi nyuma, kalamu sikioni.

Kijana wa lile gari akatoka na nyaya zake akatushangaa.

"Mbona mmesimama, wazee?"

"Tunangoja meza," nikamwambia.

"Meza ya nini, mdara, mzee wangu?"

"Wewe leta meza, sisi tutajua ya nini."

Akasema tukae, inaanza. Abiti Saidi akaninong'oneza, "Labda kwanza wanatuonyesha namna ya kujaza fomu." Nikamjibu ndiyo, siku hizi wanafanya hivyo. Kwa robo saa nzima tuliitazama filamu yenu kama somo. Yule kiumbe alipoanguka kutoka mawinguni na kutua kwenye zizi la mjane mmoja, Zuze akauliza kwa sauti, kwa heshima kabisa, "Huyu naye ni wa kutoka Nyasaland?"

Nyuma alikaa Murehwa anatafuna bisi za maputi. Yeye ni raia tangu tumboni mwa mama yake, alikuja kutazama tu. Akasema, "Kachingwe, mbona hamkutuambia ninyi Mabhurandaya wa Nyasaland mlikuja na chombo kama hicho? Sisi tulidhani ni treni."

Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipojua, nao wakajua, na kila mmoja akawa anatazama fungu la karatasi mapajani mwake kana kwamba limetambaa lenyewe likaja.

Tungetoka, lakini mlango ulikuwa upande wa kitambaa cha sinema, na mtu akipita kivuli chake kinamwangukia yule kiumbe usoni. Tukabaki, ikawa vibaya zaidi. Majitu yale yana macho makubwa kama sahani, yamelowa tangu mwanzo hadi mwisho. Hayasemi, yanaugulia. Yanajifunza kuoka mkate. Kila jitu likifanya jambo la kawaida, kama kufunga mlango, vinanda vinalia. Mwanzoni watu waliinamia karatasi zao kwa aibu. Kisha wakaanza kuguna, mguno ule wa mtu aliyekuta unywele kwenye ugali wa sadza.

Halafu ikaja ile ya ofisini. Kiumbe amevaa kofia, amesimama kwenye foleni, peke yake, foleni ya mtu mmoja. Meya akatoka, akapiga goti, akampa kiumbe karatasi ya uraia yenye utepe. Nilikuwa na saa mkononi. Dakika tatu.

Abiti Saidi akasimama. "Mbona haulizwi cheti cha baba yake?"

"Shahidi wake yuko wapi?" akasema Zuze. "Mimi nimemleta wangu kwa toroli."

"Hata alama za vidole hawakuchukua," akasema mwingine. "Lina vidole vitatu, ingekuwa kazi rahisi."

Basi wakaanza kuinua kadi zao juu, wakizionyesha kwa yule meya wa kwenye kitambaa, sitini nzima. Wakati huo huo jitu likadondosha chozi la buluu, na chozi lilipogusa ardhi yakaota maua. Abiti Saidi akatema ugoro chini, yeye ambaye hutemea kwenye kopo hata akiwa mgonjwa. Akasema, "Nimelia katika nchi hii miaka sabini, sijaotesha hata bamia."

Walipowasha taa, kijana akapita na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Akatugawia na vikadi tuandike kilichotugusa. Abiti Saidi alichukua boksi lote akafungia vyeti vyake. Kwenye vikadi hakuna aliyeandika, maana anayeandika hapa ni mimi, na hakuna aliyeniomba.

Nilipokuwa nakunja karatasi zangu ndipo nikakumbuka. Barua ya Krismasi, mwaka juzi. Nilikuandikia kuhusu hawa hawa, nikasema: watu wa hapa wamesubiri vya kutosha. Nilikuandikia wewe. Sikuuandikia mlango wa ukumbi wa bia. Ndicho hicho kitu changu ulichosema nitakiona, nami nimekiona. Nimewasomea watu maneno yangu mwenyewe na nikawadanganya nayo.

Jana mke wa Zuze alipita hapa na barua ya hospitali mkononi. Alikwenda kwa Murehwa, ambaye husoma kwa kubahatisha.

Kwenye sherehe yenu sitakuja, hata ningekuwa na pasipoti kumi. Mpelekeni yule wa vidole vitatu, yeye karatasi anazo.

Kola yake imekaa vizuri.

J. Kachingwe

*

Yeoville
Jumapili, 2 Aprili 2023

Baba,

Nakupigia magoti. Nitaendelea kupiga hata ukiwa hujibu makofi. Sikuulizi umeamkaje, naogopa jibu.

Nimeiona sahihi. Miaka yote hii umekuwa ukiandika "Baba yako". J. Kachingwe nilimwona mara ya mwisho kwenye barua ya kukataa kazi ya usiku mgodini.

Maneno yale nilimsomea Bwana Verhoef kwa Kiingereza siku niliyopata barua yako. Nilijivuna nayo. Nilitaka ajue kwamba kwetu kuna mtu anayejua kuandika. Akayanakili, akaniambia nina moyo mkubwa. Baada ya miezi minane nikayaona kwenye kuta za mji, na badala ya kukasirika nilisimama chini yake nikapigwa picha. Hilo nalo nakuambia bila sukari.

Nikuambie na mengine. Wiki iliyopita nilikwenda kuitazama kwenye jumba la sinema la wenye magari, nikakaa katikati ya watu kama nilivyokuagiza wewe. Kando yangu alikaa mama mmoja mwenye lulu masikioni. Alilia toka kwenye mkate. Lilipofika chozi la buluu alinishika mkono, mimi asiyenijua, akasema, "Maskini, maskini, hana kwao." Nami nikamshika. Mwisho akanunua kisanamu cha kile kiumbe, wanaviuza mlangoni.

Nikamfuata hadi msalani. Kulikuwa na dada anapiga deki, anaongea na mwenzake Kishona, mambo ya mtoto mwenye surua. Yule mama akamwambia, "Semeni lugha ya hapa au mrudi kwenu, mmejaa kila mahali." Kisanamu kimebanwa kwapani. Kile chenye kola yangu, kwa udogo.

Nilitaka kumjibu. Kibali changu kiko ofisini, Baba. Nilinawa mikono tu. Nilinawa muda mrefu.

Waambie Abiti Saidi na wengine kosa ni langu. Au usiwaambie, ila wewe lijue. Niandikie hata kunitukana.

Mwanao, ukikubali,
Ndaziona

*

Yeoville
Jumapili, 21 Mei 2023

Baba,

Mhofu amekwenda Kadoma na kurudi mara tatu. Mara zote tatu nimemuuliza kama hujampa kitu, na safari hii aliona haya akaniambia ulimpa mahindi mabichi. Nikala mahindi nikitafuta barua.

Nimewaambia jina lako halitatajwa jukwaani, wala langu. Wanatengeneza ya pili, viumbe wanaoana na watu. Walitaka nishone magauni ya harusi. Nimekataa. Sasa nashona sare za shule kwa mama mmoja wa Kikongo huku chini ya ghorofa, sketi mia mbili za kijani. Sketi haina vinanda.

Kwenye kuta maneno yako bado yapo. Niliuliza kama yanaweza kufutwa, wakacheka, wakidhani natania.

Nimeamka, ikiwa nawe umeamka. Hilo tu ndilo nataka kujua.

Mwanao,
Ndaziona

*

Kambi ya Mgodi wa Glenlora, Kadoma
Jumapili, 24 Septemba 2023

Mwanangu Ndaziona,

Nimeamka. Wewe je? Pokea makofi yangu, nimekaa nayo miezi sita mikono ikawasha. Goti la kushoto sasa linatabiri na jua. Abiti Saidi yu hai, na nitakuambia kwa nini hataki tena kufa.

Nilikuwa nimekasirika, kisha hasira ikaisha nikabaki na aibu ya kutojibu. Kisha likatokea jambo, nikaona nisikuandikie mpaka nilishike mkononi. Mimi na ahadi za karatasi hatupatani tena.

Yule kijana wa gari alikuwa ametupiga picha za simu, pale tulipoinua kadi. Murehwa alinionyesha kwenye simu ya mwanawe. Nchi nzima ilitucheka wiki mbili. Kisha inaonekana kuna mtu mmoja mahali fulani alikoma kucheka, maana mwishoni mwa Juni lilikuja gari jingine, bila kubandika chochote. Wakashuka watatu, wakaingia ukumbini, wakafungua meza.

Meza ile ile tuliyoingoja, Ndaziona. Yenyewe.

Hakuna aliyekwenda. Wale maofisa wa uandikishaji walikaa asubuhi nzima wanajipepea kwa fomu. Nilipita mlango kwa mlango. Zuze aliniambia akiwa ndani ya blanketi, "Nenda kaitazame wewe, utanisimulia." Abiti Saidi akasema, "Safari hii jitu linaoka nini?"

Kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Nilivaa suti. Kutoka kwangu hadi ukumbini najua kila dirisha, na kila dirisha lilikuwa na uso.

Kwenye meza alikaa binti, umri wako au chini kidogo. Alizipokea karatasi zangu vizuri. Akasoma, akaandika, akafika kwenye ukurasa wa mwisho, kisha akainua kalamu akaniangalia, macho yamemlowa, makubwa kama sahani.

"Baba," akasema, "ninyi ndio wale wa kwenye picha. Mliitazama ile filamu?"

"Tuliitazama."

"Mimi nililia mpaka nikaishiwa pumzi. Ni kwa ajili ya kile kiumbe niliomba kituo hiki, wenzangu hawakutaka vumbi. Nawe ulilia, baba?"

Kalamu bado iko juu. Unanijua. Nilimwambia meneja wa mgodi usoni kwamba lifti yake itaua mtu, nikapoteza cheo. Nilikuandikia wewe, mwanangu wa pekee, yale niliyokuandikia. Na pale mbele ya yule binti nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu mkate, na maua, na meya. Nyuma yangu yako madirisha sitini.

Nikasema, "Nililia."

"Wapi?"

"Kwenye kola," nikasema.

Hakuelewa, akatikisa kichwa kwa huruma, akagonga muhuri. Nilitazama saa. Dakika nne, moja zaidi ya kiumbe.

Sasa nikuambie, maana yule binti sikumfafanulia. Kwenye filamu ile, jitu lilipogeuka kuingia zizini, kola ilijaa kitambaa chote. Nikaona uzi unakwenda mbele, unarudi nusu, unakwenda tena, na kila baada ya saba kuna fundo dogo la ndani. Hakuna anayeshona hivyo isipokuwa mama yako, ambaye sasa hayupo, na wewe. Nilitoa leso nikajifanya napenga kamasi. Abiti Saidi aliona. Ndiyo maana niliandika vile kwa hasira, nilikuwa nimeonekana.

Nilipotoka na kikaratasi chenye muhuri, nilisimama mlangoni. Nilikiinua tu juu, kama tulivyoinua kadi. Milango ikaanza kufunguka. Ilipofika saa tisa foleni ilizunguka ukumbi, na mtu akaniita, "Kachingwe, njoo upange." Nikapanga kwa alfabeti. Dada yake Zuze alipokewa kama shahidi ingawa alisinzia. Abiti Saidi alipoulizwa kama alilia, akamwambia yule binti, "Mwanangu, mpaka nikaotesha bamia," na binti akaandika hayo pia. Sasa hataki kufa, anasema hawezi kuwa raia wa miezi mitatu tu, watu watafikiri alikuwa anapita.

Karatasi zinaletwa tena kwangu. Murehwa amerudishwa kwenye maputi yake.

Usifikiri nimebadilika. Filamu ile ni uchafu. Ni uchafu wenye vinanda. Yule mama wa lulu naye ni mtoto wake halali. Na kinachonichefua zaidi ya vyote, kila ninapokitazama kitambulisho changu kipya kisicho na lile neno, ni kwamba uchafu ule ulifanya kazi ambayo barua zangu za miaka thelathini hazikuifanya. Nakila chakula hiki, lakini nisilazimishwe kusema ni kitamu.

Pasipoti nimeipata Jumanne. Ina picha yangu nikiwa nimenuna, waliniambia nisitabasamu, nikasema hakuna hatari hiyo.

Mhofu akirudi kutoka kukuletea barua hii, nakuja naye, tunafika Ijumaa asubuhi. Jukwaani sipandi. Sinema sitazami. Nataka unionyeshe cherehani yako na hizo sketi za kijani, na yule mama wa Kikongo nimsalimie. Namletea Abiti Saidi sindano nyingine wakati wa kurudi, ananitumia orodha. Na ofisi wanakokiweka hicho kibali chako, nionyeshe ilipo. Nitaleta kalamu.

Tandika kitanda. Miaka sabini na moja wameniita mgeni nikiwa kwetu, na hakuna hata mmoja aliyenitandikia.

Baba yako,
mgeni wako wa Ijumaa